Ukurasa wa Mia Moja na Kumi na Mbili

Bahasha ilifika mwishoni mwa Machi, na kabla chakula cha jioni hakijapoa Brant Hoekstra alikwisha kujua kwamba ameuziwa kiatu cha mguu mmoja. Ndani ya bahasha mlikuwa na diski, na ndani ya diski mlikuwa na kitabu kizima cha matengenezo ya gari la Halbrook, kile kile ambacho kiwanda kiliwaandikia mafundi wake kabla hakijafilisika. Brant alikwenda moja kwa moja kwenye sura ya injini. Ukurasa wa mia moja na kumi na moja uliishia kwa maneno haya: "Kabla ya kufunga kichwa cha injini, zingatia yafuatayo kuhusu bolti zake kumi." Uliofuata ulikuwa wa mia moja na kumi na tatu, nao ulikuwa ukieleza jinsi ya kurudisha mfuniko wa juu.

Akarudi nyuma, akaenda mbele. Haukuwapo.

Lingekuwa gari lake mwenyewe, angelifunika turubai akangoja. Lakini lilikuwa la mama mkwe wake, Geneva Kuiper: gari jekundu la viti viwili, aliloachiwa na marehemu mumewe Wendell. Kila Mei, miaka ishirini na sita mfululizo, mama huyo alikaa kiti cha abiria katika msafara wa sikukuu ya maua ya tulipu, mumewe akiendesha. Mwaka huu mume hayupo, na ufunguo akapewa Brant. Alipewa gari likiwa zima, linanguruma vizuri, isipokuwa tone moja la mafuta lililodondoka sakafuni kila asubuhi. Mtu mwingine angeweka kipande cha kadibodi chini yake akaendelea na maisha. Brant, ambaye kutwa nzima kazini huchonga vyuma vya viti vya ofisi kwa vipimo vyembamba kuliko unywele, alisimama mbele ya ukoo mzima, kuku yuko mezani, akamwambia mkwewe, "Mama, mimi nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Fundi hataligusa."

Kesho yake akaifungua injini. Kufungua hakuhitaji kitabu.

Aprili yote ikaliwa na kutafuta. Aliagiza kitabu cha karatasi kutoka Oregon. Kikaja chenye jalada gumu, kinanukia grisi ya zamani, ila kilikuwa cha Halbrook ya silinda nne, na hii ni ya silinda sita. Akaagiza kingine Pennsylvania. Hicho kilikuwa diski ile ile, mtu ameichapisha na kuitia gundi: mia moja na kumi na moja, mia moja na kumi na tatu. Muuzaji alipobanwa alijibu kwamba yeye huuza vitabu, hasomi. Mama wa maktaba alijitahidi kwa moyo wake wote, akampatia historia ya ukoo mmoja uitwao Halbrook, wafuga kondoo.

Mtandaoni kulikuwa na baraza la wenye Halbrook. Brant aliuliza huko kwa upole, na jibu la kwanza likaja na kicheko: unatafuta ukurasa wa mia moja na kumi na mbili? Karibu chamani, ndugu yetu. Mmoja alimshauri akaze bolti mpaka mkono ukatae. Wa pili alimpa kipimo, wa tatu akampa kipimo mara mbili ya hicho, kisha hao wawili wakaanza kutukanana hata wakamsahau mwenye swali. Watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walimwandikia jambo lile lile: mpigie simu Harlan Tamminga wa Muskegon, yeye ndiye aliyekipiga picha kitabu hicho miaka hiyo.

Kumpigia simu mtu! Brant alitaka kitabu cha kiwanda. Hakutaka mzee wa kumshika mkono na kumvusha barabara. Hasira ikiwa imemfika kooni, akaandika pale barazani, kwa jina lake kamili na mji wake, Zeeland, maneno ambayo mkewe Renae alipoyasoma alimwuliza kama yanaweza kufutwa. Akasema yanaweza, lakini hafuti.

Ikaingia wiki ya msafara. Jumanne mama mkwe alipiga simu kuuliza Jumamosi awe tayari saa ngapi. Brant akamwambia saa tatu asubuhi, na kwamba gari linaendelea vizuri.

Renae alikuwa amesimama mlangoni. "Linaendelea kwenda wapi? Injini iko juu ya meza yangu ya kufulia."

"Zimebaki bolti kumi tu."

"Umemdanganya mama yangu, Brant. Nenda kamwone huyo mzee, au nimpigie mama simu sasa hivi nimweleze mwenyewe."

Alhamisi akaomba ruhusa ya nusu siku kazini, akaendesha kuelekea kaskazini akiwa amekunja uso njia nzima.

Mlango wa gereji ya Harlan Tamminga ulikuwa wazi. Ndani yake Halbrook ya kijani iling'aa kama mende aliyepakwa mafuta, na kando yake alikaa mzee mrefu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisugua kifuniko cha taa chini ya bango la msafara wa tulipu. Hakuinuka.

"Hoekstra wa Zeeland," alisema kabla hajaambiwa kitu. "Ni mwendo gani huo, dakika arobaini? Umetumia wiki sita."

Brant alieleza shida yake kwa maneno machache, kwa heshima aliyoikusanya njiani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akachukua jalada kwenye rafu. Akatoa karatasi moja akampa.

"Soma. Kwa sauti, masikio yangu mabovu."

Haukuwa ukurasa wa kiwanda. Yalikuwa maneno yake Brant mwenyewe, yamechapishwa kwa herufi kubwa.

"Mzee Tamminga, hii..."

"Huo ni ukurasa wako. Ukiusoma wako, nitakupa wangu."

Brant aliitazama ile Halbrook ya kijani, akamkumbuka mkwewe atakavyosimama mlangoni kwake saa tatu ya Jumamosi na mkoba mkononi. Akasoma. "'Mpumbavu aliyepiga picha kitabu hiki hajui hata kuhesabu hadi mia moja na kumi na mbili. Kama kazi ya kujitolea ndiyo hii, heri angelala.'"

"Hapo chini pana jina."

"Brant Hoekstra, Zeeland."

"Naam," mzee akasema, na hakucheka.

Ndipo alipomweleza. Majira matatu ya baridi alikipiga picha kile kitabu, ukurasa kwa ukurasa, akawapa wenzake bure. Haukupita mwezi, watu asiowajua wakawa wanakiuza. Basi katika nakala iliyofuata akang'oa ukurasa mmoja kwa makusudi, ule ambao bila huo mtu hawezi kuifunga injini ya Halbrook, ili wezi wauze kitabu kilema. Mwenye kuuhitaji angepiga simu tu, naye angemsomea hata akiwa mezani anakula. Watu thelathini na kitu walikwisha kupiga.

"Mimi ningejuaje?" Brant akauliza, damu imempanda.

"Waliokwambia unipigie walikuwa wangapi, bwana mdogo?"

Brant akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Mzee akamletea kitabu chenyewe, kimekatika mgongo, akakifungua bila kutafuta. Ulikuwapo, na mchoro wake, na vipimo vyake, na mpangilio wa bolti ya kwanza hadi ya kumi. Lakini juu ya vyote hivyo palikuwa na mstari mmoja mweusi: "Bolti hizi hukazwa mara moja tu. Zikifunguliwa, zitupwe, zifungwe mpya. Bolti iliyokwisha kutumika itakipasua kichwa cha injini."

Aliusoma mara mbili. Bolti zake kumi zilikuwa nyumbani, ameziosha kwa brashi ya meno, amezipaka mafuta, amezipanga juu ya taulo kama vijiko vya harusi.

Akauliza mpya zinapatikana wapi. Uingereza, mzee akamwambia, wiki tatu kama forodha haina usingizi. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Nilikuwa na seti moja. Niliiweka kando tangu Aprili, nilipoyasoma maneno yako. Nilisema, yule kijana wa Zeeland ana mdomo, lakini atakuja. Jumatatu hii nikampa mtu wa Kalamazoo. Yeye alipiga simu."

Brant alitoka nje akalipiga teke gurudumu la pikapu yake, akaumia kidole. Aliwaza mambo ambayo fundi hamwambii mtu. Msafara ni maili mbili, mwendo wa miguu. Bolti za zamani zingeweza kushika maili mbili. Pengine zingeshika. Na kama hazikushika, gari la Wendell lingepasuka katikati ya barabara, mjane wake ndani, watoto wakipunga bendera. Alisimama pale mpaka kidole kikaanza kupwita, akiwa na hasira na kiwanda, na Oregon, na Pennsylvania, na mzee huyu. Na kila alipoigeuza hasira upande mwingine ilirudi ikamkodolea macho yeye mwenyewe.

Akarudi ndani.

"Mzee Tamminga, Jumamosi kiti chako cha abiria kina mtu?"

"Kwani wewe unataka kupanda?"

"Mama mkwe wangu. Geneva Kuiper."

Mzee aliiweka taa chini. "Mke wa Wendell? Gari ulilolifumua ni la Wendell?" Alimtazama muda mrefu kama mtu anayetazama sahani iliyovunjika. "Kiti kipo. Lakini mpigie wewe, hapa hapa."

Brant akapiga. Alisema yote, bila kujitetea, kwa sababu mzee alikuwa akimsikiliza kwa yale masikio aliyodai ni mabovu. Akamaliza kwa kumweleza kiti alichompatia kwa Mzee Tamminga.

"Tangu lini?" mama mkwe akauliza.

"Machi, Mama."

"Kwa ajili ya tone moja la mafuta."

"Ndiyo, Mama."

Akasikia pumzi yake. "Gari la huyo bwana ni la rangi gani?"

"Kijani."

"Nimenunua skafu nyekundu," akasema, akakata simu.

Harlan aliuliza amesemaje. Brant akamjibu kwamba atakuja. Kisha akaomba kuupiga picha ule ukurasa, mzee akatikisa kichwa: haupigwi picha, hautoki hapa. Akamsukumia ndoo ya kukalia, akampa daftari na penseli iliyotafunwa. Brant akainama akaanza kuunakili kwa mkono, bolti ya kwanza, bolti ya pili, na mzee amesimama nyuma ya bega lake akimwambia aandike herufi zisomeke.