Chaja Nzito ya Bwana Gramu

Jumatatu saa tatu asubuhi, chaja ya kompyuta ya idara ya vipimo ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima kijitaa chake, na ndiyo ikawa basi. Mkaguzi wa mizani, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Gramu kwa ukali wake wa vipimo, aliichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Wapi! Betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na tisa, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na ripoti ya miezi saba kuhusu mizani ya tajiri mmoja wa nafaka, iliyokuwa ikimeza kilo tatu katika kila gunia la mkulima. Ripoti ilitakiwa mbele ya kamati Alhamisi ya wiki iliyofuata. Isipofika, tajiri angepewa leseni mpya ya miaka mitano.

Alishuka kwa mtunza stoo kuomba chaja nyingine.

"Jaza fomu. Siku tisini," mtunza stoo alisema. "Ukiandika ni ya haraka, mia na ishirini."

"Sasa nifanye nini?"

"Wenzako wote wananunua za kwao, kaka. Wewe nani?"

Akaenda dukani amenuna. Chaja zilining'inia ukutani, zote za USB-C, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu kichwa ni kilekile na kuingia kinaingia popote. Kompyuta ilitaka wati sitini na tano. Kila chaja ilijitangaza kuwa ya sitini na tano, kwa tarakimu kubwa za dhahabu. Nyuma kulikuwa na maandishi mengine, madogo kama mayai ya chawa, ambayo Bwana Gramu aliyasoma kwa miwani, kisha bila miwani, asiambulie kitu.

"Ya kweli ni ipi hapa?"

"Zote za kweli, bosi wangu."

"Na waranti?"

"Waranti ipo mpaka pale mlangoni."

Basi akafanya jambo ambalo mkaguzi wa mizani peke yake angelifanya. Alitoa mkobani mizani yake ndogo ya shaba, akazipima chaja zote tano, moja moja, akaandika. Miaka ishirini kazini ilikuwa imemfundisha kwamba maneno yanadanganya, uzito haudanganyi. Akachukua iliyo nzito kuliko zote, gramu mia tatu na kumi na mbili, akatoka kifua mbele.

Nyumbani, mkewe alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule. Bwana Gramu alichomeka chaja, kompyuta ikawaka, na ujumbe ukatokea kwenye kioo: *Chaja hii inatoa wati 45. Zinapungua 20. Zitatafutwa hapo ulipo.* Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, cha Sawa. Akakibonyeza.

Idara ile ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi mkaguzi alipanda juu ya mizani kuu na kuandika uzito wake daftarini, kuhakikisha kuwa mizani haijasogea. Kwa miaka tisa Bwana Gramu alikuwa ameandika sabini na moja. Jumanne alisoma sitini na sita. Aliikagua mizani kwa mawe ya kupimia ya serikali, ya shaba, akaikuta iko sawasawa. Akaandika sitini na sita, akapiga sahihi, akaenda kunywa chai.

Kila chaji ilikula kilo tano. Mwili haukukonda, suruali zilimkaa vilevile, ila alipoketi kochi halikubonyea. Siku ya tatu mkewe aliifungua ile chaja kwa ncha ya mkasi. Ndani alikuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi.

"Umenunua nondo, mume wangu."

"Niliipima."

"Ndiyo, uliipima! Kwa nini hukuuliza mtu?"

Hasira zilimpanda mpaka masikioni. Alirudi dukani, akaeleza kwamba wati ishirini zinatoka mwilini mwake.

"Lakini betri inajaa, haijai?" muuzaji aliuliza.

"Inajaa."

"Sasa unalalamikia nini, mzee?"

Akaiandikia idara yake mwenyewe malalamiko rasmi. Jibu lilirudi siku hiyohiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea: wati hazihusiki na idara ya vipimo, na kilo huhusika pale tu zinapokuwa za bidhaa inayouzwa. Je, mlalamikaji anauzwa?

Ripoti ilikuwa na picha mia nne za magunia, na kila picha ilinyonya betri. Angeweza kuacha. Mkewe alimwambia aache, tena si mara moja. "Wakulima wenyewe hawakujui hata kwa sura," alisema.

"Magunia yao ninayajua," alijibu, akachomeka.

Ikabidi mkewe amshonee mifuko ya ndani kwenye koti, minne, ya turubai. Bwana Gramu alikwenda stoo, akasaini mawe manne ya kilo tano, akayatia mifukoni, akaweza kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Baada ya chaji ya kumi na tatu, ripoti ilikamilika. Daftari lilisoma kilo sita. Alikuwa amepoteza sitini na tano kamili, kama lebo ilivyoahidi.

Alhamisi, mbele ya kamati, mizani ya tajiri ililetwa ukumbini. Bwana Gramu alijishikilia kwenye meza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akatoa mawe yake, akayapanga juu ya mizani. Kilo ishirini. Mizani ilisoma kumi na saba. Alihisi furaha iliyomjaa kifuani, na miguu yake ikaacha sakafu kidogo kwa upepo wa feni.

Wakili wa tajiri aliomba daftari la asubuhi la idara. Akalisoma kwa sauti: sabini na moja kwa miaka tisa, kisha sita, ndani ya siku kumi.

"Waheshimiwa, mizani ya idara ndiyo yenye kichaa. Mtu hapotei namna hii."

Bwana Gramu akaeleza habari ya chaja. Wajumbe walimwelewa vizuri kabisa. Mmoja alisema hata yeye anayo, ila ya kwake huchota kwa mama mkwe, na mama mkwe hajawahi kulalamika. Mwenyekiti alishukuru kwa maelezo. Akasema mpimaji ambaye uzito wake mwenyewe haueleweki hawezi kuaminiwa kwenye gunia la mtu mwingine, akagonga mhuri kwenye leseni.

Mtunza stoo alikuwa akisubiri mlangoni na kitabu chake. "Mawe manne, kaka. Kesi imekwisha."

"Nitafikaje nyumbani?"

"Hilo halimo humu kitabuni."

Akayarudisha, akasaini. Mkewe alikuja kumchukua na waya wa ile chaja ya zamani, iliyoungua. Alimfunga kiunoni mafundo mawili, akauvuta kuujaribu.

"Angalau hii ni orijino," alisema, akalia kidogo, akajifuta kwa kanga.

Wakaenda, yeye chini, mumewe juu kidogo ya vichwa vya watu. Walipopita ghala la tajiri, foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani. Kutoka juu Bwana Gramu aliona kioo cha mizani waziwazi.

"Tisini na saba!" alipiga kelele. "Hilo gunia ni la kilo mia! Mnaibiwa!"

"Tunajua, bwana," mkulima wa kwanza alimjibu bila kuinua kichwa, akasogeza gunia la pili.