Mlango Ambao Chuma Hakuzaliwa Nao

Profesa alichora neva ubaoni kama barabara, na katikati ya barabara hiyo akachora mlango. Mbele yake waliketi watu watatu: Chuma, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kusikia maumivu, mama yake, na mdogo wake wa kike, mwanafunzi wa biolojia katika chuo hicho hicho, aliyeishawishi familia nzima itoe damu kwa ajili ya utafiti.

"Habari ya maumivu hupita hapa kwenda kwenye ubongo," alisema Profesa. "Vinasaba ndivyo vinavyobeba maelekezo ya kuujenga mlango huu. Kwa Chuma, herufi moja ya maelekezo ilikosewa, na mlango haukujengwa kabisa. Tusingemchunguza yeye, tusingejua kwamba mlango mmoja tu unatosha kuzuia maumivu. Sasa tumepata dawa."

Mama alimbana binti yake mkono kwa furaha. Mguu wa kulia wa Chuma ulikuwa umefungwa bendeji hadi gotini. Alikuwa amevunjika kifundo akiwa kazini, akautembelea mguu huo wiki nzima bila habari. Madaktari walitaka afungwe plasta na akae kitako. Mama alikataa: dawa i njiani, na mtoto akishaanza kusikia maumivu atajitunza mwenyewe. Chuma akaendelea kusimama kwenye karakana, mfupa ukaendelea kusagika, usaha ukaingia.

"Aanze kumeza lini?" Mama aliuliza.

Profesa aliweka kalamu chini. "Mama, dawa hii haifungui mlango. Inaufunga. Ni ya wagonjwa wenye maumivu makali, ili kwa saa chache wawe kama..."

"Kama mwanangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mmemtazama alivyoharibika, mkajifunza kuwaharibu wengine."

"Kwa muda tu, mama."

Chuma aliangua kicheko. "Hongera, Profesa. Mimi nimeharibika bure, wenzangu wataandikiwa na daktari."

Mama alimgeukia binti. "Na wewe msomi wetu, ulilijua hili?"

"Nilidhani anayeujua mlango anaweza kuufunga na kuufungua vilevile." Alimtazama Profesa kama mtu anayedai haki. "Herufi iliyokosewa tunaijua. Kwa nini tusiisahihishe?"

"Labda siku moja. Lakini watu kama kaka yako ni wachache mno. Hakuna kiwanda cha dawa kitakachohangaika nao. Wenye maumivu ni dunia nzima."

"Twende zetu," alisema Mama.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Katika wodi, kitanda kilichopakana na cha Chuma kilikuwa na mzee aliyeungwa paja kwa vyuma. Alikuwa amekubali kuijaribu dawa mpya. Asubuhi ile alikuwa akigumia kwa maumivu hadi shuka zikalowa jasho. Muuguzi akampa vidonge, na haukupita muda akanyamaza, akajifuta uso, akaomba kitana. Binti alimtazama akichana mvi zake na, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ubao, akajikuta akitabasamu.

"Ndiyo yenyewe hiyo?" Chuma alimnong'oneza.

"Ndiyo. Imetoka kwako, kaka."

Mzee aliweka kitana juu ya mto wa kulalia, akatupa shuka pembeni, akateremsha miguu yote miwili sakafuni.

"Kaa, mzee!" Chuma alipaza sauti. "Mguu huo haujapona!"

"Umepona, kijana. Sisikii chochote."

"Hata mimi nilikuwa sisikii chochote!"

"Mwache asimame," alisema Mama, mikono yake ikiwa imetulia mapajani. "Si ndiyo raha waliyoitafuta?"

Chuma alijirusha kutoka kitandani ili amzuie mzee, akakanyaga kwa mguu ambao haukuwepo, akaangukia kigutu chake. Nyuzi zilifumuka. Binti alimkumbatia mzee kiunoni akamrudisha kitandani, huku akimwita muuguzi. Mama alipiga magoti na kukibana kigutu kwa viganja vyote viwili, damu ikimpita katikati ya vidole.

"Mshikeni yule mzee," Chuma aliendelea kusema kutoka sakafuni. "Mbona wote mnanitazama mimi?"