Kijiti Kilichogeuzwa

Maji yakimwagika hayazoleki, na Orie alikwisha kutamka mbele ya watu: fainali ya leo ataendesha gari la rimoti atakalolipima alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, mwenyewe. Akiwa wa kwanza, mumewe Tokuji hatagusa tena spana kwenye gari lake. Akishindwa, atarudi kuwa dereva tu. Miaka yote hapo uwanjani Shizuoka, Japani, kila alipowatangulia wenzake, watu walisema gari la Tokuji limeshinda. Ilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe.

"Bi Orie, bado hujachelewa kumwomba bwana msamaha!" Hamajima, mpinzani wake, alimtania kutoka meza ya pili.

"Wewe tafuta pa kunipisha."

Lakini kwenye mazoezi gari lilivuta kushoto. Tokuji, mdomo umejaa tonge la wali, akasema, "Sogeza kitufe cha usukani kwenye rimoti kulia kidogo, litanyooka."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, bwana."

Orie akatazama kitufe. Kumbe kilikwisha kusogezwa kulia, tena sana! Akakirudisha katikati, akavua bodi, lile ganda la juu, akaliweka gari juu ya kioo cha kupimia na betri yake ndani ili likae na uzito wake. Tairi la mbele la kushoto lilitazama nje kidogo, sawasawa. La kulia, ambalo nalo lilipaswa kutazama nje, lilitazama ndani.

Akazungusha kijiti cha usukani kinachoshika tairi la kulia, kuelekea kwake ili litoke nje, kama kila mtu uwanjani alivyofundishwa. Tairi likazidi kwenda ndani.

Orie akatabasamu. Kijiti hicho kina alama ya mkwaruzo upande mmoja, na kwa desturi yao alama zote hutazama kushoto, ili mkono uzungushe bila kufikiri. Hii ilitazama kulia, na kijiti kikifungwa kinyume, kila mzunguko nao hufanya kinyume.

"Nani alifunga hiki wiki iliyopita, kile cha zamani kilipovunjika?"

Tokuji alimeza tonge zima. "Sema polepole, mama. Hamajima atanicheka mpaka mwakani."

"Kumbe ulikigeuza, gari likavuta, ukaficha kwa kitufe!"

"Nilidhani rimoti imezeeka."

Orie akakifungua, akakigeuza, akapima upya. Hakuwa na shaka hata chembe.

Kwenye fainali Hamajima alitangulia hadi mzunguko wa mwisho. Kwenye kona ya kasi gari lake likaserereka nje. La Orie likapita ndani, limenyooka. Wa kwanza!

"Gari la Tokuji limeshinda tena!" mtu akapaza sauti.

"La Orie!" Tokuji alifoka, akasimama kabisa. "Alipima mwenyewe. Mimi kijiti nilikifunga kinyume!"

Hamajima akacheka mpaka akakaa chini. Tokuji hakumjali. Akachukua gari lake mwenyewe, akaliweka taratibu juu ya kioo cha mkewe.

"Na langu linavuta, mama. Nipimie."

"Liache hapo," Orie alisema. "Na spana usiguse."