Fimbo ya Wahariri Watatu

Alhamisi saa saba mchana, Fiifi aliifuta kwaya nzima ya shule. Waimbaji hamsini na wawili, pamoja na mpiga kinanda, walitoweka duniani bila hata kuaga.

Hakukusudia. Kijitabu cha Siku ya Tuzo kilikuwa faili moja huko mtandaoni. Sisi wahariri watatu kila mmoja alikishusha kwenye kompyuta yake, akaandika, kisha akakipandisha tena. Fiifi alipandisha nakala yake ya Jumanne juu ya kazi ya Nhyira ya Jumatano. Nhyira, kwa hasira na bila kutazama, akapandisha nakala yake ya Jumatatu juu ya ile ya Fiifi, na orodha ya washindi wa hesabu ikaifuata kwaya.

"Hicho kichwa unakitumia kuvalia kofia tu!" Nhyira alifoka.

"Na wewe je? Umemuua mshindi wa kwanza. Binamu yangu yule!"

Lakini mimi ndimi niliyekuwa na la kupoteza. Baada ya lile jambo la mbuzi katika chumba cha walimu (sikuhusika, isipokuwa kwa upande wa mbuzi), Madamu Ocran, mkuu wa shule, alitoa hukumu. Kijitabu kikimfikia mchapaji kamili Alhamisi saa kumi, Jumamosi, siku ya sherehe, nitakaa chini ya turubai na mama yangu, atakayetoka Kumasi kwa ajili hiyo tu. Kisipofika, mama ataketi peke yake, nami nitakuwa nyuma ya jiko na panga, nikifyeka nyasi.

Sasa, kwetu neno la chifu halitoki hovyo. Linapita kwa msemaji wake, na la kumwambia yeye vilevile; naye msemaji hujulikana kwa fimbo yake. Kwa hiyo nilichukua mpini wa fagio la maabara ya kompyuta, nikafunga kileleni kipanya kibovu cha kompyuta, nikagonga sakafu mara tatu.

"Asiye na fimbo haandiki," nilitangaza. "Anasoma tu. Mwenye fimbo akimaliza anapandisha, anafunga, anaitoa. Anayeipokea anashusha nakala mpya kabla hajagusa hata nukta."

"Na nikitaka kurekebisha herufi moja?" Fiifi aliuliza.

"Unapiga goti, unaiomba."

"Ato, siku utakayokuwa waziri tutahama nchi."

Lakini alipiga goti. Fimbo ilizunguka, nakala za zamani zikachimbuliwa, kwaya ikafufuka mwimbaji mmoja mmoja. Saa tisa kijitabu kilikuwa kamili.

Saa tisa na robo Nhyira alipiga yowe. Kwaya imekufa tena! Pembeni mwa faili paliandikwa jina la aliyelipandisha mwisho: Madamu Ocran. Kumbe alikuwa na nakala ya saa saba, akairekebisha ofisini kwake, akaibwaga juu ya kazi yetu.

"Turudishe yetu," Fiifi alisema.

"Ufute maneno ya Madamu?" Nhyira alimtazama. "Utuage kabisa basi."

Wakanigeukia wote wawili. Nikachukua fimbo.

Niligonga mlango wa ofisi ya Madamu, nikaingia. Nilisimama wima, nikamtazama katibu wake badala ya kumtazama yeye, kama ipasavyo mbele ya chifu.

"Mama Katibu, mfikishie Madamu kwamba faili lina fimbo, na aliyeandika bila fimbo amezika watu hamsini na wawili."

Nikaanza kuzisikia zile nyasi zikiota.

Madamu Ocran alivua miwani. Naye akamgeukia katibu, uso mkavu kabisa. "Mwambie msemaji kwamba Madamu amesikia. Anaomba fimbo kwa dakika kumi."

"Bila hata kupiga goti?" lilinitoka.

"Mwambie asivuke mpaka."

Nikamwita Nhyira dirishani apandishe kwanza nakala yetu kule maabara, kisha Madamu akaishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Akaishusha nakala hiyo, akaingiza masahihisho yake manne, akaipandisha tena huku ameuma ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa kumi kasoro dakika sita mchapaji alijibu: kimefika, kimekamilika. Nilirudi maabara nikikimbia, na sisi watatu tukacheza juu ya meza mpaka msimamizi akatutoa.

Jumamosi mama alikaa kando yangu chini ya turubai. Alikifungua kijitabu ukurasa wa mwisho, penye majina ya wahariri, akaweka kidole chini ya jina langu, akamwonyesha jirani yake wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha akasimama, akaanza kuwaonyesha wa safu ya mbele.