Sauti Moja ya Mwalimu Rwegasira

Mfuniko wa sufuria ulilia gizani mara moja tu, kisha ukanyamaza kama uliozuiwa kwa kiganja.

Umeme ulikuwa umekatika Rwamishenye yote tangu jua lilipozama, na Gaudiosa alikuwa sebuleni akipapasa kiberiti. Nyumba yake aliijua kwa masikio. Panya huangusha mfuniko, haurudishi taratibu. Akaenda jikoni peku, akawasha njiti, akamkuta binti yake Stellah amechuchumaa kando ya jiko, akitia ndizi zilizopoa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Una njaa, mwanangu? Si umekula sasa hivi?"

"Sina njaa."

"Sasa hizo ndizi ni za nani?"

Stellah aliitazama njiti mpaka moto ukamfikia mama yake vidoleni. Giza liliporudi, akasema kwa adabu, ile adabu mpya aliyorudi nayo kutoka kambini, "Naomba nikalale, mama."

Gaudiosa alibaki amesimama. Mtoto aliyempeleka Muleba likizo ilipoanza alikuwa akicheka hata kanisani, mpaka unamfinya. Huyu aliyerudishwa mchana ule, kupumzika siku moja kabla ya kuchukuliwa tena, alikuwa anakaa kitini kama mgeni, na akiulizwa jambo huvuta pumzi kwanza, kama mtu anayesubiri wenzake waanze pamoja naye.

Na Gaudiosa mwenyewe ndiye aliyempeleka.

Mwalimu Rwegasira hakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mzaliwa wa Kashozi, alikaa nchi za watu, akarudi na mvi na vitabu alivyoviandika mwenyewe juu ya kukuza vipaji na kuyafanya makundi yatende kazi kama mwili mmoja. Gaudiosa alikisoma kimoja katika masomo ya jioni pale mjini Bukoba, Stellah akiwa bado mgongoni, na sentensi moja aliipigia mstari mara mbili: *Kipaji cha mtoto mmoja ni ukuni mmoja, hauwaki mpaka ukutane na mingine.* Alipoisoma aliona mlango. Yeye mlango wake ulifungwa alipoacha shule akiwa mjamzito, lakini mtoto wake alikuwa na sauti, tena sauti ya kumfanya mpita njia asimame.

Kwa hiyo Mwalimu alipotangaza kwamba anatafuta watoto wachache wa kuunda kundi, awafundishe kwenye nyumba aliyokodi Muleba, kando ya ziwa, kisha awapeleke Dar es Salaam kuimba mbele ya watu wakubwa, Gaudiosa alikuwa mama wa kwanza kufika. Watoto waliimba, wakachaguliwa. Ndipo Mwalimu alipofanya jambo lililowapendeza wazazi kuliko yote. Alichuma kahawa mbivu, akaiminya tunda moja moja, na zile punje mbili zilizolala pamoja ndani ya tunda akawapa watoto wawili, kila mmoja amlishe mwenzake kutoka kiganjani. Omukago, undugu wa kuchanjiana wa Wahaya, ila hapa bila wembe na bila damu. Stellah aliunganishwa na Kristofa, mtoto wa jirani.

"Kuanzia leo," Mwalimu aliwaambia watoto, "la kundi linabaki kwenye kundi."

Wazazi wakapiga makofi. Gaudiosa alipiga mpaka viganja vikawaka. Na usiku ule, akimfunika Stellah shuka, moyo umejaa, alimsimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake: kulikuwa na mtu aliyetoa siri ya mwenzake wa omukago, tumbo likamvimba, likavimba, mpaka likapasuka. Stellah alicheka na kujishika tumbo. Mama naye akacheka.

Sasa Kristofa hakuwa amerudi na wenzake. Mchana, Mwalimu akishusha mabegi kwenye gari, alisema kwa upole wake kwamba kijana amechoka, kundi limemzidi, amempandisha mtumbwi kwenda Goziba kwa mama yake anayefanya biashara ya samaki. Gaudiosa aliitikia. Ni kweli mama huyo, Bernadina, alikuwa kisiwani, na simu yake ya huko hushika siku inapotaka yenyewe.

Lakini zile ndizi. Mtoto asiye na njaa anamfichia nani chakula?

Asubuhi alipata jibu la nusu. Bernadina mwenyewe aliingia uani, ndoo ya samaki kichwani, kanga imelowa mpaka magotini.

"Mama Stellah, hodi. Nimekuletea kichwa cha sangara, mchuzi wake utakufanya uolewe tena." Akatua ndoo, akaangaza macho. "Watoto wamerudi, nimesikia barabarani. Langu limelala wapi, kwako au limeshaanza kuzurura?"

Gaudiosa alimsogelea. "Hajaja kwako Goziba?"

"Aje Goziba na nani?"

"Mwalimu amesema amempandisha mtumbwi."

Bernadina alicheka, kisha kicheko kikakosa pa kwenda. "Mitumbwi ya Goziba naijua mpaka wanaokomba maji. Nimeondoka kule jana jioni. Mtoto wangu angekanyaga pale, ningeambiwa kabla hajakauka miguu."

Hawakumaliza. Gari jeupe lilisimama nje ya ua, na Mwalimu Rwegasira akashuka, shati limenyooshwa, kitabu chake kipya kwapani. Ndani ya gari watoto wengine walikuwa wamekwisha kukusanywa, wamekaa wima, mikono magotini.

Alipomwona Bernadina alisita kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga jiwe ndani ya kiatu.

"Mama Kristofa! Karibu, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Basi mmepishana ziwani."

"Tumepishana vipi? Alipanda chombo cha nani?"

"Mtu binafsi. Mwaminifu sana."

"Jina lake?"

"Mama, usimwaibishe kijana mbele ya wenzake. Alishindwa. Kushindwa ni sehemu ya kujifunza, nimeliandika hilo."

"Wewe unaandika vitabu," Bernadina alisema. "Mimi kitabu changu ni samaki, nikimfunua shavu tu namjua kama ameoza. Mwanangu yuko wapi?"

Mwalimu hakukasirika. Aligeukia gari na kuinua kidole kimoja. "Watoto, mwambieni mama."

Pumzi moja ikavutwa, na vinywa vyote vikafunguka pamoja. "Kristofa alikwenda kwa mama yake."

Ilikuwa sauti moja, safi kama kengele. Hiyo ndiyo kazi aliyoipigia Gaudiosa mstari mara mbili. Hakuna mtoto aliyetangulia, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyepepesa macho. Bernadina alirudi nyuma hatua moja, na shaka ikaanza kumwingia usoni, kwa sababu ni nani atawabishia watoto wote hao? Hata ofisi ya kata wangemwuliza: mama, una ushahidi gani?

"Umeridhika," Mwalimu alisema, wala hakuuliza. "Stellah, panda."

Stellah alikuwa mlangoni na begi lake. Alianza kutembea. Mama yake akamkinga njia, akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika mabega.

"Stellah. Kristofa yuko wapi?"

Mtoto alivuta ile pumzi, akatazama garini. Mkono wake mmoja ulikwenda tumboni na kubaki pale, umebana.

Gaudiosa aliuona mkono ule, na akajua ni nani aliyefunga mdomo wa mwanawe. Si Mwalimu peke yake. Mwalimu alifunga fundo, lakini kamba ilitoka kwenye hadithi aliyoisimulia yeye, kwa furaha, akimfunika shuka.

"Mama Stellah," Mwalimu alisema, sauti sasa imepungua sukari, "unavunja kazi ya muda mrefu. Mtoto akibaki leo, nafasi yake haipo tena. Hakuna Dar es Salaam. Fikiri."

Alifikiri. Aliliona jukwaa, taa, mwanawe amesimama mbele ya watu wakubwa, na ule mlango ukifunguka. Aliutazama kwa mara ya mwisho.

"Sivunji kitu, Mwalimu. Namalizia hadithi niliyoiacha nusu." Akamrudia mtoto, kwa Kihaya, polepole, kama wakati wa kulala. "Sikukwambia yote, mwanangu. Kwenye omukago kuna kunyamaza, lakini kuna lingine kubwa kuliko kunyamaza. Mwenzako akitumbukia shimoni, unamtoa. Ukimwacha, hapo ndipo tumbo linapovimba. Wewe ulimlisha nani kahawa?"

"Kristofa."

"Na yeye akamlisha nani?"

"Mimi."

"Na Mwalimu alikula na nani?"

Stellah alitafuta katika kumbukumbu. Ndani ya gari, kichwa kimoja kiligeuka, kisha kingine, na kwa mara ya kwanza tangu warudi watoto wale hawakugeuka pamoja.

"Hakula," Stellah alisema.

"Hakula. Kwa hiyo huna siri ya kumtunzia yeye. Una deni kwa mtu mmoja tu."

Mwalimu Rwegasira alipiga hatua. Bernadina alisogea, akasimama katikati na mikono yake yenye magamba ya samaki. Mtoto mmoja garini alianza kulia, kilio chake peke yake, bila mpangilio.

Mkono wa Stellah uliteremka kutoka tumboni. Hakuvuta pumzi ya kundi. Alimtazama mama yake Kristofa usoni.

"Kristofa amefungiwa kwenye stoo ya buni kule Muleba, na jana tulipomwita hakujibu."