Mdomo wa Juu

...na povu linaanza kukauka, nimesimama na wembe hewani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni, kwa sababu kaka yangu, hapa kitandani hospitalini, ameukaza mdomo wa juu, ameuvuta ukafunika meno, au sikuona vizuri, ngoja, ngoja kwanza... miaka ishirini na mbili ya ukinyozi, wembe ukifika chini ya pua mteja mwenyewe anaukaza mdomo ngozi inyooke, hafundishwi na mtu, ila anayesinzia kitini haukazi, unabaki umelegea mpaka nimvutie kwa kidole, na huyu nimemvutia kwa kidole wiki tisa, tangu aanguke toka ngazini na kopo lake la rangi akapoteza fahamu, leo kidole kimekuta kazi imeshafanyika... daktari yuko dirishani na shemeji, anamwambia taratibu, "macho yako wazi, mama, lakini hiyo si sawa na kuwa na fahamu," na shemeji, "mbona ananitazama mimi?" na daktari, "macho yanakufuata, kama kuna mtu anayetazama ndiyo hatujui," ebo, kama kuna mtu, swali gani hilo la kumpa mke wa mtu asubuhi yote hii... na leo ndiyo wanaamua, kama hakuna dalili mazoezi yanasimama, kaka anarudishwa nyumbani alale mpaka siku yake ifike, na wananingoja mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayekishika kichwa chake kila siku... basi sema, si umeona, furahi we mwanamume!... mbona sitaki iwe kweli... kwa sababu kama yumo leo, hata Jumanne alikuwemo, niliposema hapa hapa juu ya uso wake, heri angekufa palepale alipoanguka kuliko kutumaliza taratibu hivi, shemeji akanifanyia shh, nikamjibu shh ya nini, unamfichia siri kabati?... Mungu wangu, nilimwita kabati, kaka aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipoungua mguu, njia nzima akinitania kwamba nanukia mishikaki... na neno hilo analo humo ndani siku ya sita, hana pa kulitemea... afadhali daktari awe mkweli, afadhali uwe msuli tu umejivuta, msuli haukumbuki tusi... ona nilivyo, namwombea ndugu yangu asiwepo ili mimi nisiwe nimesikika, aibu yangu... na hao wateja je, yupi niliwahi kumhakikisha kwamba yumo? naona visogo tu, wananiitikia "eeh" katikati ya stori, nami naamini kuna mtu, sijamdai hata mmoja ushahidi, na kila mmoja namwambia samahani kabla wembe haujamgusa, hata mlevi, hata mtoto anayepiga mateke, ila huyu, huyu wiki tisa sijamwambia...

"Fundi," daktari anaita, "umeona chochote?" Shemeji amegeuka, ameshika pazia. Samahani, kaka, namwambia, kwa sauti, ya wembe huu na ya Jumanne, na mdomo wake sasa umelegea tena, haukazi, nami siungoji.

"Nimeona," nasema. "Lakini ondokeni hapo dirishani, njooni tuyaongee mbele yake. Alilisikia la kabati, ayasikie na haya."