Uyoga wa Wodi ya Watoto

Jumanne saa mbili asubuhi, Jeanine alimshushia binti yake Mbambu barakoa ili anywe chai, akaona uyoga mmoja umeota kwenye chuma cha kitanda, pale pale aliposhika muuguzi, sista Alisi, alipokuwa akipima joto. Akaung'oa. Mtoto akaendelea kunywa.

Mbambu alikuwa na miaka mitano na saratani ya damu. Wiki iliyopita walikuwa Mbarara, alikotiwa dawa inayoua ugonjwa na kuua pia kinga yote ya mwili. Daktari wa huko aliandika barua: alazwe chumba cha peke yake, kila anayemgusa anawe, homa ikipanda asicheleweshwe. Homa ilimpandia nyumbani Karambi, wakakimbilia hospitali hii ya upande wa Bwera. Hospitali ikaisoma barua, ikaikunja vizuri, ikamlaza Mbambu kitanda kimoja na mtoto mwenye kifaduro. Bomba la wodi lilitoa maji mara ya mwisho wakati wa Pasaka. Juu yake palibandikwa karatasi: AKINA MAMA, NAWENI MIKONO.

Kufika mchana Jeanine alishaelewa. Uyoga uliota kila palipoguswa na mkono usiooshwa. Kitasa cha mlango kilifunikwa chote. Koti la daktari Nobert liliota mifukoni, naye akawa anaupangusa akitembea, kama mtu anayepangusa unga. Mfagiaji, mzee Eridadi, aliukata kwa kisu asubuhi na jioni, akinung'unika kwamba hakuandikwa kazi ya shamba.

Saa kumi wakaja wanawake saba wa kanisani, watu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, kama yeye. Kwao mgonjwa hatazamwi kwa macho tu. Anashikwa mkono, anawekewa kiganja kwenye paji la uso, na asiyemgusa husemwa anamtakia kaburi. Jeanine akawasimamisha mlangoni na kijerikeni cha maji aliyoyabeba kutoka kijitoni.

"Mama Sylvie, nawa kwanza."

"Miye? Nilibeba huyu mutoto siku ya ubatizo. Leo niko muchafu?"

"Angalia pale umeshika."

Mama Sylvie akageuka. Kwenye fremu ya mlango, kando ya ule wa sista Alisi, uyoga wake ulikuwa umeshafungua mwavuli.

"Iko mukubwa kupita ya sista," akasema, akijivuna kidogo. Akanawa. Maji yakaishia kwa mwanamke wa sita. Wa saba akabaki nje, akalia, akasema Jeanine amekuwa na roho mbaya.

Jumatano mkuu wa hospitali, Bwana Baker, akapita wodini. Alhamisi wangefika wageni kutoka wizarani, na hakutaka waone uyoga.

"Ni nyinyi akina mama mnaleta hii kitu kutoka kijijini," akasema.

"Bomba, mzee," Jeanine akajibu.

"Bomba iko kwa mpango."

Jeanine akamtazama mkononi, alipokuwa amekamata ukingo wa kitanda, mpaka uyoga ukamchungulia kati ya vidole. Baker akautia mfukoni, akatoka.

Jioni ile homa ikapanda tena, na kanula ya Mbambu, mrija wa dawa mshipani, ikaziba. Bila kanula nyingine dawa haingeingia. Daktari Nobert akaja na sindano. Glavu zilikuwa zimekwisha Jumatatu. Jeanine akamshika kifundo cha mkono.

"Kwanza maji, daktari."

"Yako wapi, mama?"

Hakuwa anabisha. Aliuliza kweli, akangoja jibu. Kijerikeni kilikuwa kikavu na kijito kiko mbali, na mtoto alikuwa ameanza kutetemeka. Jeanine akamwachia.

Daktari akaupata mshipa mara ya kwanza, kwa ustadi. Kabla hajamaliza kubandika plasta, uyoga mweupe ulikuwa umeshaota kando ya sindano, mdogo kama kichwa cha kiberiti. Jeanine akautoa kwa kucha, polepole, asimuumize mtoto.

"Hii nipeleke wapi?"

"Jikoni kule nje," daktari akasema, akiandika kwenye faili. "Akina mama beko na posho kavu leo, hakuna mboga."

Aliandika: digrii thelathini na tisa na nusu.